Mkono Juu ya Sahani

Mimi na Kiingereza tulikutana ukubwani, tena kwa neno moja tu. Wenyewe huliandika enough, lakini mdomoni mwangu lilikaa kama inafu, na hapa nitaliandika hivyo hivyo kwa sababu ni langu, nimelitolea jasho. Maana yake ni inatosha. Kwa hiyo mtu asinibabaishe kwamba sijui Kiingereza. Ninakijua kidogo, na hicho kidogo nakijua kwelikweli.

Chanzo ni binti yangu. Ninaye huyo huyo mmoja, nimemlea mwenyewe hapa Itetemia tangu baba yake afariki, kwa cherehani na kwa jembe. Kidato cha nne matokeo yalimwangusha. Akalia, akanyamaza, kisha akafunga kanga kiunoni akafungua banda la chakula kule wanakojenga reli mpya. Jamani, mtoto anapika! Watu wenye njaa wanayapita mabanda mengine yote wanakuja kupanga foleni kwake. Miongoni mwao akawemo kijana mmoja wa Uganda, mpima wa njia ya reli, mpole, Mwislamu mwenzetu. Alianza na chakula cha mchana. Akahamia na kwenye chai ya asubuhi. Nilipoona anakuja hata siku za mapumziko, na viatu vimepigwa rangi, nikajua huyu hafuati maharage. Reli yenyewe ilikuwa bado haijafika popote, yeye akafika kwangu na mshenga.

Nilimpenda, sifichi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuongozea magreda, lakini shikamoo yake aliitoa macho yakiwa chini, kama mtoto aliyelelewa. Tukakubaliana. Shida ikaja aliposema kwamba mama yake angependa kuja kutuona kabla ya ndoa. Huyo mama ni mwalimu mkuu wa sekondari huko kwao, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, na swali la kwanza aliloliuliza kuhusu mwanangu lilikuwa: amesoma mpaka wapi? Binti yangu alinisimulia hayo huku anacheka, ila vitunguu alivyokuwa anakata aliviacha nusu, akaenda kufunua sufuria ambayo hata motoni haijawekwa.

Baada ya ndoa walikuwa waende kuishi huko, nyumba moja na yule mama. Nikamwona mwanangu anapimwa kwa cheti kila anapoweka bakuli mezani. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nisikie kwa masikio yangu mwenyewe, kutoka kinywani mwa huyo mama, kwamba mwanangu anamtosha. Sasa ningesikiaje, na mtu mwenyewe ni Kiingereza kitupu? Kumwambia binti au mchumba wake atafsiri sikutaka. Anayetafsiri anaweza kutia sukari, na wale wawili walikuwa na kila sababu ya kutia sukari.

Nikaenda kwa mtani wangu. Huyu ni Mzaramo, mzee wa makamo yangu, mstaafu wa reli ya zamani. Alikuwa gadi wa treni, na nyumba zetu zimepakana uzio. Wanyamwezi na Wazaramo tumetaniana tangu enzi za misafara, mababu wanapanda na kushuka na mizigo kati ya hapa na pwani, na utani wetu si wa maneno matupu. Anaweza kuingia jikoni kwangu akaipua chungu akaondoka nacho, na mimi sina ruhusa ya kununa. Alipofiwa na kaka yake nilijilaza chali mlangoni, jeneza halitoki mpaka nipewe kuku, na nilipewa jogoo. Kiingereza chake ni kizuri sana, kwa sababu alikuwa anagombana kwa hicho na abiria wa daraja la kwanza.

Nikamweleza yaliyonisibu. Alinicheka kwanza, hilo ni haki yake. Kisha akasema kwamba Kiingereza chote hakiwezi kuingia kichwani mwa Mnyamwezi kabla ya Jumamosi mgeni anapofika, kwa hiyo atanipa neno moja, nilitumie kila mahali mpaka liwe mwenyeji. Akakuna kidevu, akanipa inafu. Nikamwambia neno gani hili, linateleza kama mlenda. Akanitazama kwa dharau yote ya pwani.

"Mababu zako walibeba pembe za ndovu kichwani mpaka Bagamoyo," akasema. "Wewe neno moja tu linakushinda kubeba?"

Nikalibeba. Na nikishakibeba kitu mimi sitaniwi. Loo, nilivyolitumia! Kwenye bomba la maji, ndoo ikifika shingoni: inafu. Muuza mchicha akinipa fungu la kuonea huruma, namkazia macho: not inafu. Hiyo not mtani alinipa kama nyongeza, siku aliyoshiba. Kuku wangu wakigombania pumba nawaambia inafu, na wallahi wakatawanyika, kuku wa Itetemia wanaelewa Kiingereza kuliko watu. Fundi aliyekuja kuziba bati alikuwa ananigongea misumari kama hana akili nzuri, nikapaza sauti kutoka chini, inafu, akashuka na ngazi yake akidhani nimemfukuza kazi. Ilibidi nimbembeleze kwa uji. Nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sikuwahi kuipata tangu nilipojifunza kuendesha baiskeli. Ikafika mahali natembea barabarani huku natafuta kitu chochote kinachotosha ili nipate kukisema.

Katikati ya raha hiyo nikashtuka. Nani amenipa neno? Mzaramo! Mnyamwezi gani mwenye akili timamu anapokea kitu kutoka kwa Mzaramo bila kukinusa? Nikajiona nimesimama mbele ya mwalimu mkuu, nimevaa vizuri, nimejipaka wanja, natamka tusi la wabeba makaa wa gari moshi. Nikachukua kapu langu nikaenda mjini kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi, ambaye babu zake walikuja kwa njia ile ile ya misafara na ambaye ananiuzia bitana tangu nikiwa mwari. Kiingereza anakijua, na utani na mimi hana.

Sikumwuliza waziwazi, ningejiaibisha. Nilimwomba anipimie kitambaa cha meza. Akavuta jora kwenye ile rula yake ya chuma, akaniangalia. Not inafu, nikasema. Nyusi zikampanda. Akavuta tena. Not inafu. Akavuta. Inafu, nikasema. Akashika mkasi, lakini kabla hajakata akanitazama juu ya miwani, akaniuliza mama, kumbe ulisomea shule gani? Nilitaka nimbusu. Nilirudi nyumbani na kitambaa cha meza ambacho kingeweza kuivika meza na wanaokula wote, lakini mtani wangu alikuwa ameshinda kesi.

Jumamosi baada ya adhuhuri bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mama mrefu, kavaa gomesi la kwao, yale mabega yamesimama wima kama yako gwaride, na miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mimi nikapiga magoti kumpokea, ndivyo nilivyolelewa. Kumbe na kwao ndivyo wanavyolelewa, naye akashuka. Tukawa wanawake wawili wazima tumepiga magoti kizingitini, kila mmoja anasubiri mwenzake ainuke kwanza, na hakuna anayeinuka. Mtani alikuwepo. Hakualikwa, maana mtani haalikwi. Akauliza kutoka nyuma yangu kama kuna mtu ameangusha sindano, naye atusaidie kutafuta.

Binti yangu alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipika wali, kuku wa kienyeji, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akaitia karanga mpaka ikawa nzito, na uyoga wa porini. Pembeni iliwekwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali ya Sikonge ya kuchovyea. Akaandaa, akaja kupiga magoti, akamnawisha mgeni mikono, akajikunyata kwenye ukingo wa mkeka. Mchumba wake alikaa karibu na mgeni, mama yake mzazi. Nilimwona binti yangu anaiangalia ile sahani ya mgeni kama anayesubiri matokeo yabandikwe ukutani. Mtani akanyoosha mkono akachopoa firigisi ya kuku mbele ya wote, akaila. Mgeni akatoa macho, hakuna aliyemkemea mtani, naye akaona heri aendelee kula.

Sasa ngoja niseme jambo. Kwetu mgeni akisema basi, hiyo ni adabu yake tu. Akirudia kusema, ni aibu ya ugenini. Mgeni anaaminika pale anapofunika sahani kwa kiganja, na hapo hata angekuwa mwanao humwongezi tonge. Na sahani tupu ni jambo baya mno, ni mgeni anakuambia kimyakimya kwamba njaa yake bado ipo. Mambo haya hakuna aliyekaa akanifundisha, nimekua nayo, na kwa hiyo haikunipitia kabisa akilini kwamba yuko mtu asiyeyajua. Mkwe mwenzangu naye, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, kwao kubakisha chakula ni kumvunja moyo mpishi. Mnaona tunakoelekea.

Alikula vizuri, akamaliza mpaka punje, akafuta mdomo, akatabasamu, akasema maneno fulani ambayo mwisho wake ulikuwa inafu.

Nililisikia! Jamani, nililisikia neno langu, limetoka kwenye kinywa cha mwalimu mkuu, safi, limenyooka, kama nilivyolisema mimi kwa kuku. Furaha niliyoipata haielezeki. Nikamjibu kwa sauti, inafu! Nikamwangalia mtani, nikamwangalia binti yangu, kila mtu aone kwamba tunaongea. Na kwa furaha hiyo hiyo nikazamisha upawa kwenye wali nikamjazia sahani.

Akaniangalia kidogo. Akala. Akamaliza, maskini, kwa adabu za kwao. Sahani tupu. Inafu, akasema tena, taratibu, kama anayemsomea mtoto imla. Nami nikajibu kwa kumwonyesha kuku aliyebaki kwenye bakuli, not inafu, na paja likashuka. Nilikuwa nimechangamka hatari. Sikuwahi kuzungumza na mtu kwa raha kama ile. Yeye inafu, mimi not inafu, yeye anatikisa kichwa, mimi nachota, na nsansa juu yake, na uyoga juu ya nsansa. Binti yangu ananipiga jicho, najitia simwoni. Kijana wa watu akaanza kusema mama, lakini mtani akamfinya goti akamwambia anyamaze, wakubwa wanazungumza.

Mabega ya gomesi yakaanza kulegea. Jasho likamteremka mgeni kwenye paji la uso. Sahani ikawa tupu tena, nami upawa nimeuinua tayari, nikaona macho yake yamejaa maji. Aliangusha mikono yote miwili juu ya sahani, vidole vimetanuka, akaigandamiza kwenye mkeka kama mtu anayezuia kuku asitoroke kwenye tenga.

Alaa! Nikauteremsha upawa papo hapo. Kumbe ameshiba! Nikamshukuru Mungu, nikataka kuondoa sahani. Ndipo mtani alipoanguka. Alianguka kweli, kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni, anacheka machozi yanamtoka, anapiga ukuta kwa kofi. Alijua tangu mwanzo. Alinipa neno akijua wazi kwamba Mnyamwezi na upawa wake haamini neno, haamini Kiswahili sembuse Kiingereza, na akakaa pale akala firigisi akisubiri saa hiyo ifike.

"Mtani," akasema alipopata pumzi, "nilikufundisha kulisema. Kulisikia hukuniomba."

Hapo ndipo nilipouona uso wa binti yangu. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira. Alikusanya vyombo bila kunitazama akatoka navyo uani. Nikaelewa nilichofanya. Alikuwa amepika tangu alfajiri ili aonekane anatosha, na mimi nimekigeuza chakula chake kuwa adhabu. Yule mama atarudi kwao atasema nini? Kwamba nilikwenda kuona mchumba wa mwanangu, wakanilisha mpaka nikalia? Nikainuka nikatoka, upawa bado mkononi, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia machozi ya kweli.

Nikasikia hatua nzito. Mkwe mwenzangu alikuwa ananifuata, amelegeza ule mshipi wa gomesi, anatembea kwa tahadhari, mkono mmoja kiunoni kama mjamzito. Akajishusha pale kando yangu akapumua. Tukakaa. Hana Kiswahili, sina Kiingereza. Akautazama upawa mkononi mwangu, akajisogeza mbali nao kidogo. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kwa ndani kwanza, mabega yanapanda na kushuka, kisha kwa sauti, huku ameshika tumbo na kunisihi kwa mkono nisimchekeshe kwa sababu linauma. Nami nikashikwa. Tulicheka mpaka tukaegemeana, mimi na mwalimu mkuu, na kuku wangu wakaja kutushangaa.

Binti yangu alikuwa upande wa pili wa ua, ametupa mgongo, anasuuza sahani kwenye beseni. Alisikia kicheko hakugeuka. Nilipouona ule mgongo kicheko kikanikauka. Nikakumbuka nilikuwa nimelibebea nini lile neno, tangu bombani hadi kwa Mhindi. Nikamgusa mkwe mwenzangu mkono. Nikamwonyesha mwanangu kwa kidole.

"Inafu?" nikauliza.

Kwanza alishtuka, akafunika tumbo haraka, alidhani naleta chakula kingine. Kisha macho yakafuata kidole changu. Akaacha kucheka. Akavaa miwani yake, akamtazama binti yangu kwa muda, anavyoinama, anavyopanga sahani zikichuruzika maji, halafu akaanza kunieleza. Alisema mengi, kwa upole, na mikono yake inaeleza pia, na sikuambulia hata moja. Akagundua. Akatafuta mle mle katika maneno yake yote lile moja ambalo ninalo.

"Enough," akasema.

Nililisikia safari hii vizuri kuliko siku zote. Ndilo nililolitaka, kutoka kwenye kinywa kile kile nilichokitaka. Na bado halikushuka moyoni. Nifanyeje? Mimi ni mtu wa hapa. Anayesema mara ya kwanza ni adabu yake tu. Nikaendelea kumtazama usoni, sikumwondolea macho, kama nilivyokuwa namtazama kwenye mkeka, na upawa nimeushika.

Akanitazama na yeye. Akautazama upawa. Nikaona kitu kinamwingia taratibu, kama mwalimu anayeliona kosa la mwanafunzi limetoka wapi. Akajishika goti, akainuka kwa shida, akauvuka ua na lile tumbo lake. Binti yangu akastuka kumwona juu yake, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti pale pale kwenye maji yaliyomwagika. Mkwe mwenzangu akaweka viganja vyote viwili juu ya kichwa chake, vidole vimetanuka, akavigandamiza. Kisha akageuka akaniangalia mimi, ahakikishe nimeona.

Nikaweka upawa chini.